Msimuulize babu alikuwa wapi tarehe 5 Februari

Februari haijamaliza wiki ya kwanza na swali limesharudi. Vijana wa redio, walimu wa historia, wajukuu wenye simu nzuri, wote wanamkalisha mzee kwenye kiti cha plastiki, wanamsogezea kinasa sauti puani, halafu: "Shikamoo babu. Ulikuwa wapi tarehe 5 Februari 1967, Mwalimu Nyerere alipotangaza Azimio hapa Arusha?" Yaani Azimio la Arusha, tamko la siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Babu anaitikia marahaba, anasimulia vizuri, na umati na vumbi na gari lilivyopita. Baadaye mtu anagundua kwamba tarehe haikai, na hukumu inatoka hapohapo: mzee kachanganya, au mzee muongo.

Kazi yangu ni kurekodi simulizi za wazee, Arusha na Moshi, na nimechoka na hukumu hiyo. Mara nyingi aliyekosea ni muulizaji.

Tuanze na swali lenyewe. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama kilichokuwa kikitawala Tanzania Bara, ilikaa Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, kwenye jengo la Kaloleni ambalo sasa ni makumbusho. Azimio lilitangazwa rasmi tarehe 5 Februari, na lilitangazwa Dar es Salaam. Mzee anayesema alimwona Mwalimu hapa mjini "siku ya Azimio" huenda anasema kweli tupu: alimwona mwishoni mwa Januari, wajumbe walipokuwa mjini. Tarehe 5 hakuileta yeye. Umeileta wewe ndani ya swali, naye hakutaka kumuumbua mgeni wake. Sasa unamwita muongo kwa maneno uliyomtia mdomoni mwenyewe.

Halafu chukua kalenda. Tarehe 5 Februari 1967 ilikuwa Jumapili. Ukisikia "tulikuwa darasani, mwalimu akaingia na habari", jua habari hiyo ilimfikia Jumatatu au baadaye, na Jumatatu tarehe 6 ndiyo siku benki zilipotangazwa kuwa mali ya umma. Kwa mtoto wa shule, hiyo ndiyo siku ya Azimio, na sioni kwa nini nimnyang'anye. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani andika kwenye daftari siku ya wiki ya kila tukio utakalouliza. Uhuru, 9 Desemba 1961, Jumamosi. Muungano, 26 Aprili 1964, Jumapili. Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, 12 Aprili 1984, Alhamisi. Kifo cha Mwalimu, 14 Oktoba 1999, Alhamisi. Ni kazi ya dakika tano tu, lakini wengi hawaifanyi.

Mtego mkubwa zaidi ni kwamba 5 Februari ziko mbili. Chama cha Mapinduzi (CCM) kilizaliwa tarehe hiyohiyo mwaka 1977, TANU na ASP ya Zanzibar zilipoungana, na tangu hapo kila mwaka siku hiyo ina ngoma, gwaride na hotuba. Mtu aliyesherehekea 5 Februari mara thelathini na kitu hawezi kuitenganisha ile ya kwanza kwa kuambiwa tu "hebu kumbuka". Msaidie kwa vitu vya kushikika. Bendera aliyoiona ilikuwa ya kijani na nyeusi? Hiyo ni TANU. Ina jembe na nyundo za manjano? Basi yuko 1977 au baada ya hapo, hata akiapa. Kwa watu wa huku mpakani kuna kipimo kingine kizuri: mpaka wa Kenya ulifungwa Februari hiyohiyo ya 1977, ukafunguliwa Novemba 1983. Muulize kama wakati ule ndugu waliweza kuvuka Namanga au Holili kwenda sokoni. Mzee hawezi kukosea kuhusu biashara yake.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi kuliko yote.

Utamsikia mtu wa Moshi akisema: "Azimio lilipopita, wakachukua nyumba ya yule Mhindi tuliyepanga kwake, kulikuwa na matope mpaka magotini." Mhariri mwenye haraka anafuta sentensi hiyo kwa sababu Februari huku ni jua kali, matope yatoke wapi. Au, mbaya zaidi, anafuta matope na kubakiza 1967. Ukweli ni kwamba majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa Aprili 1971. Aprili ni masika. Matope yale ndiyo ushahidi wenyewe! Kumbukumbu imehifadhi mvua, mwenye nyumba na mlango uliofungwa. Kilichosogea ni jina la tukio tu. Vivyo hivyo kwa anayesema Azimio lilichukua shamba la mzungu alipokuwa kibarua: mashamba makubwa ya kahawa Kilimanjaro yalitaifishwa 1973. Na anayesema Azimio liliua ushirika anazungumzia 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa, KNCU ya wakulima wa kahawa Kilimanjaro ikiwamo, hadi viliporudishwa miaka ya 1980.

Kwa hiyo mtu mmoja ana 1967, 1971, 1973 na 1976 zimekaa ndani ya siku moja. Je, amesahau? Mimi nasema amepanga. Ameweka yote chini ya siku ambayo kwake ndiyo iliyoyazaa, na kwa hilo wanahistoria wengi wa vitabuni wangekubaliana naye. Mtafiti wa Italia, Alessandro Portelli, alikutana na jambo hilihili mji wa Terni: mfanyakazi Luigi Trastulli aliuawa na polisi mwaka 1949 katika maandamano ya kupinga NATO, lakini wenzake wengi walisimulia kwamba aliuawa 1953, wakati wa kupunguzwa kazi kiwandani. Portelli hakuwasahihisha akaondoka. Aliuliza kwa nini wamemsogeza, na akaona kwamba kifo kile kingewauma zaidi kikiwa bure kuliko kikiwa sehemu ya vita vyao vya mkate. Swali hilo ndilo la kumuuliza mzee wa Kibosho au Sakina: siyo "una uhakika?", bali "kilichofuata nyumbani kwenu kilikuwa nini?"

Na msidanganyike na uhakika wa sauti. Siku moja baada ya chombo cha anga Challenger kulipuka Januari 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi huko Marekani jinsi walivyopata habari. Kama miaka miwili na nusu baadaye waliwauliza tena. Wengi walitoa maelezo mengine kabisa, kwa uhakika mkubwa, na wengine walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe walishangaa. Hao ni vijana wa chuo, siyo babu wa miaka tisini. Acheni kusingizia uzee.

Namna ya kufanya, haraka haraka. Usiende siku ya maadhimisho wala wiki ile. Redio imeshamjaza mzee maneno ya wengine. Nenda Mei au Juni. Chumba chenye dari, maana bati tupu likipigwa na mvua hakuna utakachosikia. Kinasa sauti umbali wa shubiri mbili kutoka mdomoni, kisiwe juu ya meza anayogonga kwa vidole. Faili la WAV (aina ya faili la sauti lisilobanwa), nakala mbili, moja isikae nyumba moja na nyingine. Dakika 60 hadi 90, kisha chai. Ridhaa irekodiwe kwa sauti yake mwanzoni.

Nusu saa ya kwanza usitaje tarehe yoyote. Chora mstari kwenye karatasi na uweke alama za maisha yake: jando au kipaimara, ndoa, mtoto wa kwanza, mwaka alioezeka bati. Omba kadi za ubatizo za watoto na stakabadhi za kahawa, wengi wanazo kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda. Ila jihadhari na tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1 kwenye vitambulisho, mara nyingi ni ya karani. Tukio likitajwa, liweke kati ya alama mbili: mtoto huyu alikuwa amezaliwa? Anatembea? Ukipata "alikuwa mgongoni" umepata kipindi cha mwaka mmoja na kitu, bora kuliko tarehe kamili ya kukisia.

Rudi baada ya wiki mbili. Hapa nina shaka ambayo miongozo huificha: safari ya pili mzee husimulia kwa mpangilio zaidi, na siwezi kutofautisha kama amekumbuka au amejifunza ninachotaka. Watoto wake wakikaa karibu, tarehe huwa sahihi zaidi na hadithi huwa ndogo zaidi. Hilo sijalipatia dawa. Naandika tu nani alikuwepo chumbani.

Kwenye lebo ya faili weka mistari miwili, tarehe aliyoitaja na tarehe iliyohakikiwa, na ya pili isiifute ya kwanza. Usipoweza kuhakiki, acha mstari wa pili wazi. Msijaze 1967 kwa sababu tu inapendeza.