Kwa nini mzee mwenye dimenshia hutaka "kwenda nyumbani" jioni ikiingia?

Wazee wengi wanaoishi Nairobi hawakuzaliwa Nairobi. Dimenshia ikianza, yaani kumbukumbu na fikra zikianza kuyumba kwa ugonjwa wa ubongo, watoto humtoa mama Siaya au baba Nyeri na kumleta Umoja au Kasarani awe karibu nao. Mchana anatulia. Jioni anavaa sweta, anafunga nguo zake kwenye leso, anasimama mlangoni: "Nataka kwenda nyumbani, mama ananingoja." Huyo mama alizikwa miaka mingi iliyopita.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikuu cha dimenshia, hipokampasi ni kati ya sehemu za ubongo zinazoharibika mapema. Kazi yake ni kuyashika mambo mapya yasipotee. Nyumba ya Umoja ni jambo jipya, kwa hiyo haishiki. Boma alilokulia liliingia akilini zamani, na hubaki muda mrefu zaidi. Hasumbui watu makusudi. Kwa kumbukumbu alizobaki nazo, hapo kweli si kwake.

Lakini kwa nini jioni? Ubongo una saa yake inayofuata mwanga, na ugonjwa huu huivuruga. Ongeza uchovu wa siku nzima, vivuli ukutani na kelele za watu wakirudi kutoka kazini. Nairobi iko jirani na ikweta, jua hutua karibu saa ileile mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, kwa hiyo mnaweza kujipanga: mzee aote jua asubuhi, taa ziwashwe kabla giza halijaingia, redio ipunguzwe. Ila akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili tu, msiseme ni dimenshia. Mpelekeni hospitali, huenda ni maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu au mwili kukosa maji.

Kumwambia "mama yako alikufa" hakusaidii. Huupokea msiba upya. Mwaka 2014 watafiti wa Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha; walisahau walichokiona, lakini hisia zilibaki. Mzee atasahau maneno mliyobishana, uchungu wake atalala nao. Mwulize habari za huko nyumbani: walipanda nini, ng'ombe waliitwaje. Mara nyingi hukaa akasimulia.

Siku nyingine atatoka. Hapo anayeokoa ni mlinzi wa geti, mama mboga wa kona, vijana wa bodaboda. Waambieni mapema. Najua familia nyingi huficha kwa aibu, na hofu hiyo ina sababu: Kilifi na Kisii kuna wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Lakini jirani asiyejua ugonjwa atamwona mtu anayegonga milango usiku, na atajaza sababu yake mwenyewe. Namba ya simu ya nyumbani ishonwe ndani ya sweta. Mlinzi amwite "Shosh", yaani bibi, kwa upole, amwambie wangoje gari pamoja huku akipiga simu.

Na mlezi je? Mara nyingi ni binti mmoja, au dada wa kazi ambaye hakuna aliyemweleza ugonjwa ni nini. Shirika la Alzheimer na Dimenshia la Kenya, lililoko Nairobi, huwakutanisha walezi wazungumze. Mtu anaweza kudhani ni maneno tu. New York, utafiti wa walezi 406 waliokuwa wakiwauguza waume au wake zao ulionyesha kwamba waliopewa ushauri na vikundi vya kusaidiana waliendelea kuwatunza nyumbani kwa takriban mwaka mmoja na nusu zaidi kabla ya kuwapeleka kwenye makao ya wazee. Kwa hiyo ukiwa shemeji, jirani au mwanakanisa, usiulize tu "mgonjwa anaendeleaje?" Njoo Jumamosi saa kumi jioni, ukae na mzee mpaka giza liingie, binti akalale.