“Alikuwa mkimya tu”: dhana potofu na ukweli kuhusu wauaji wa bunduki na dalili zilizopuuzwa

Kila yanapotokea mauaji ya bunduki Marekani, iwe shuleni, kanisani au dukani, mazungumzo huanza kabla hata maiti hazijatambuliwa. Jirani mmoja anasema kijana alikuwa mkimya, hana makuu. Mwingine anaapa kwamba alijua tangu zamani. Picha yake inasambaa, watu wanamchambua macho, na haijapita siku mbili kila mtu ana maelezo kamili ya kwa nini ilitokea. Ripoti za uchunguzi hutoka baada ya miezi, wakati mwingine miaka, na wanaozisoma ni wachache. Kwa hiyo kinachobaki vichwani ni yale ya siku mbili za mwanzo.

Hilo linaniuma kwa sababu maelezo yale potofu yana madhara. Mtu aliyeona jambo la kutisha kwa mwenzake hulipima kwa hadithi alizozoea kusikia, akiona halifanani nazo anaamua si kitu. Majina ya wauaji sitayataja hapa. Wazazi wa Alex Teves, aliyeuawa katika ukumbi wa sinema mjini Aurora, Colorado, tarehe 20 Julai 2012, wamekuwa wakiviomba vyombo vya habari viache kuwapa wauaji umaarufu, na ombi lao ni la haki.

Dhana: “Alichanganyikiwa ghafla, ndipo akaua.”

Mwaka 2018 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitoa uchunguzi wa washambuliaji 63 walioshambulia kati ya 2000 na 2013. Katika kesi ambazo muda wa maandalizi uliweza kujulikana, asilimia 77 walikuwa wamepanga kwa wiki nzima au zaidi. Wauaji wawili wa shule ya Columbine, mwaka 1999, walijiandaa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ghafla ni kwetu sisi tuliopata habari siku ile. Kwa mshambuliaji mwenyewe, siku hiyo ilikuwa mwisho wa safari ndefu ya kinyongo, kukata tamaa, kutafuta silaha na, mara nyingi, kuzungumza.

Dhana: “Hakuna aliyejua.”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli.

Baada ya Columbine, Secret Service, idara inayomlinda rais wa Marekani, ilishirikiana na Wizara ya Elimu kuchunguza mashambulizi 37 ya shuleni yaliyotokea kati ya 1974 na 2000. Ripoti yao ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba katika asilimia 81 ya mashambulizi hayo, angalau mtu mmoja alijua kwamba mshambuliaji anafikiria au anapanga jambo hilo. Katika asilimia 59, waliojua walikuwa zaidi ya mmoja. Uchunguzi wa FBI nao ulikuta kwamba kila mshambuliaji alikuwa ameonyesha, kwa wastani, tabia nne hadi tano zilizowatia wasiwasi watu waliomzunguka. Kwa waliokuwa wanafunzi, wenzao wa shule ndio walioona zaidi. Kwa waliokuwa na mke au mwenza, mwenza aliona karibu katika kila kesi.

Sasa walioona walifanya nini? Wengi walizungumza na mhusika mwenyewe. Katika zaidi ya nusu ya kesi, kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyeona na hakufanya lolote. Taarifa zilifika kwa vyombo vya usalama katika asilimia 41 tu.

Hata zilipofika, hazikuwa na uhakika wa kwenda mbali. Tarehe 5 Januari 2018 mtu aliyemfahamu kijana mmoja wa Florida alipiga simu FBI. Alieleza kuhusu bunduki za kijana huyo, hamu yake ya kuua, maneno aliyokuwa akiandika mitandaoni, na hofu kwamba huenda atashambulia shule. Taarifa hiyo haikupelekwa kwa ofisi ya FBI ya Miami, ambayo ndiyo ingeifuatilia. Wiki sita baadaye, tarehe 14 Februari, watu 17 waliuawa katika shule ya Marjory Stoneman Douglas, Parkland. FBI yenyewe ilikiri kosa hilo siku mbili baada ya mauaji.

Mjini Lewiston, Maine, habari zilikuwa mikononi mwa watu wengi zaidi. Mwezi Mei 2023 familia ya mwanajeshi wa akiba iliwaambia polisi kwamba hali yake ya akili inazorota na kwamba ana bunduki. Julai alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili kwa wiki mbili. Septemba mwanajeshi mwenzake alimtumia mkubwa wao ujumbe usiku wa manane akisema anaamini mtu huyu atashindwa kujizuia na ataua watu wengi. Maafisa wa sherifu, mkuu wa polisi wa eneo hilo, walifika nyumbani kwake, hakufungua mlango, wakaondoka, na suala la kumwondolea silaha likaachiwa ndugu zake. Tarehe 25 Oktoba aliwaua watu 18. Tume huru ilihitimisha baadaye kwamba ofisi ya sherifu ilikuwa na sababu za kutosha kisheria kumchukua na kuanza utaratibu wa kumnyang’anya bunduki.

Familia ilijua, hospitali ilijua, jeshi lilijua, sherifu alijua. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya habari, na kila mmoja alidhani sehemu nzito zaidi inashughulikiwa na mwingine.

Tukio ambalo mimi kila nikilisoma naona jinsi nafasi inavyoweza kupotea chumbani mbele ya watu wazima wanne ni la shule ya Oxford, Michigan, tarehe 30 Novemba 2021. Asubuhi ile mwalimu aliona karatasi ya hesabu ya mwanafunzi wa miaka 15. Alikuwa amechora bastola, risasi na mtu anayevuja damu, na pembeni ameandika kwamba mawazo hayakomi, asaidiwe. Siku moja kabla, mwalimu mwingine alimkuta akitafuta risasi kwenye simu. Wazazi waliitwa. Mnasihi wa shule akawaambia mtoto anahitaji msaada wa kitaalamu ndani ya saa 48. Wazazi hawakumchukua nyumbani. Hawakusema kwamba siku nne zilizopita baba alikuwa amenunua bastola. Hakuna aliyefungua begi la mtoto, na bastola ilikuwa humo ndani. Akarudishwa darasani, na mchana aliwaua wanafunzi wanne. Mwaka 2024 wazazi wote wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakawa wazazi wa kwanza Marekani kuhukumiwa hivyo kwa shambulio la shuleni lililofanywa na mtoto wao.

Yule mtoto aliomba msaada kwa maandishi. Shule ilikuwa na karatasi, wazazi walikuwa na habari ya bastola, na vitu hivyo viwili vilikaa katika chumba kimoja bila kukutana.

Dhana: “Basi dalili zilikuwa wazi, kipofu tu asingeziona.”

Hapa ndipo wengi wanaokwepa dhana iliyotangulia huangukia. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Vijana wenye hasira, wapweke, wanaochora damu au kuandika mashairi ya kifo ni wengi mno, na karibu wote hawatamdhuru mtu. Ripoti ile ya Secret Service ilisema wazi kwamba hakuna sura moja ya mshambuliaji wa shule. Walikuwemo wenye alama nzuri na waliofeli, wapweke na wenye marafiki wengi, waliotoka katika familia zilizotulia na zilizovunjika.

Tena yapo mashambulizi ambayo hata uchunguzi wa kina haukukuta mlango uliokuwa wazi. Tume ya New Zealand iliyochunguza mauaji ya misikiti ya Christchurch ya 15 Machi 2019, walipouawa watu 51, ilisema mpango wa mshambuliaji usingeweza kugunduliwa isipokuwa kwa bahati, ingawa iliikosoa polisi kwa jinsi ilivyompa leseni ya silaha. Aliyeua Las Vegas tarehe 1 Oktoba 2017 alikuwa mzee wa miaka 64 mwenye fedha zake, na FBI ilimaliza uchunguzi bila kupata sababu moja iliyo wazi.

Kwa hiyo swali la maana huwa ni mtu anafanya nini: ametamka nia ya kuua, ametaja mahali au watu, anatafuta silaha, anaaga, anagawa vitu vyake? Kumtazama mtu alivyo, nguo zake, ukimya wake au muziki anaosikiliza, kunatuletea orodha ndefu ya wasio na hatia.

Dhana: “Ni wagonjwa wa akili tu.”

Kati ya wale 63 wa uchunguzi wa FBI, ni robo tu waliokuwa wamewahi kuthibitishwa na daktari kuwa na ugonjwa wa akili. Waliokuwa na ugonjwa unaomfanya mtu apoteze uhalisia walikuwa watatu. Aliyewaua watu 77 Norway tarehe 22 Julai 2011 alipimwa na timu mbili za madaktari wa akili zilizotofautiana, na mwaka 2012 mahakama ya Oslo ikaamua alikuwa na akili timamu. Chuki yake ilikuwa ya kisiasa, na aliiandika mwenyewe kwa kurasa nyingi.

Msongo mkali, kukata tamaa na kutaka kufa ni vitu vinavyoonekana mara kwa mara kwa washambuliaji, na vinastahili kushughulikiwa kwa uzito wote. Lakini hivyo si sawa na kusema wagonjwa wa akili ni hatari. Maneno hayo humfikia mtu anayeumwa akiwa anajiuliza kama aende hospitali, naye anaamua kunyamaza. Baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, Connecticut, mwaka 2012 watu waliukamata usonji (autism) wa muuaji kama sababu. Ofisi ya Mtetezi wa Watoto ya Connecticut ilipotoa ripoti mwaka 2014 ilikataa kwamba usonji ndio ulisababisha mauaji. Ilionyesha mambo mengine: mapendekezo ya wataalamu ambayo mengi hayakufuatwa, kujitenga kulikozidi, na silaha ndani ya nyumba.

Dhana: “Michezo ya video.” Shirikisho la wanasaikolojia la Marekani, APA, lilitamka mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kuihusisha michezo hiyo na matendo ya kikatili kama haya. Hapa hapahitaji maneno mengi.

Dhana: “Kwenye saa za mwanzo tayari tunajua nani kafanya na kwa nini.”

Siku ya Sandy Hook vyombo vikubwa vya habari vilitangaza jina la mtu asiye sahihi: kaka wa muuaji, aliyekuwa kazini kwake katika mji mwingine. Vilisema pia mama yao alikuwa mwalimu wa shule ile. Hakuwa. Kuhusu Columbine, hadi leo kuna wanaoamini kwamba wauaji walikuwa wanachama wa genge la makoti meusi waliokuwa wakilipiza kisasi kwa wanamichezo. Wachunguzi walikuta mpango wa mabomu uliolenga kuua yeyote aliyekuwa mgahawani, na mabomu hayo yakashindwa kulipuka.

Dhana: “Sheria ya faragha ilituzuia kusema.”

Jopo lililochunguza mauaji ya chuo kikuu cha Virginia Tech ya 16 Aprili 2007, walipokufa watu 32, lilikuta watumishi wa chuo waliodhani sheria inawakataza kupeana habari, wakati iliruhusu zaidi ya walivyoelewa. Mwaka 2005 hakimu alikuwa amesema muuaji ni hatari kwa nafsi yake na kumwamuru atibiwe, lakini amri hiyo haikuingizwa kwenye kumbukumbu ambazo muuza bunduki angezipata. Akanunua bunduki mbili bila ukaguzi kumzuia, ingawa sheria ya nchi ilimkataza.

Miaka kumi baadaye ikawa hivyo hivyo Sutherland Springs, Texas. Mahakama ya kijeshi ilimtia mwanajeshi wa Jeshi la Anga hatiani mwaka 2012 kwa kumpiga mkewe na mtoto. Kosa hilo lilimnyima haki ya kununua silaha. Jeshi la Anga halikuipeleka taarifa FBI, naye akapita ukaguzi dukani, na Novemba 2017 akaua watu 26 kanisani, wakihesabiwa pamoja na mimba ya mmoja wao. Jaji aliliona Jeshi la Anga kuwa na asilimia 60 ya lawama. Katika mjadala wa hadhara watu walijadili dini yake na sura yake. Lakini ni fomu ambayo haikutumwa ndiyo ingeweza kuokoa watu.

Dhana: “Kutoa taarifa ni kumharibia kijana maisha.”

Hofu hii ni ya kweli, hasa kwa mzazi au rafiki, na shule zinazokimbilia kufukuza na kuita polisi zimeichochea. Lakini tathmini ya tishio ifanywayo vizuri huanza na maswali: amesema nini hasa, kwa nani, ana silaha, kuna nani karibu naye, anapitia nini? Mara nyingi huishia kwenye ushauri nasaha, kumfuatilia, kuzungumza na familia na kuondoa bunduki nyumbani. Virginia ilikuwa jimbo la kwanza, mwaka 2013, kutaka kila shule ya umma iwe na timu ya kazi hiyo. Connecticut ilikuwa na sheria ya kumwondolea silaha kwa muda mtu aliye hatarini tangu 1999, na watafiti walioichunguza sheria hiyo walikadiria kwamba kila amri 10 hadi 20 zimezuia kifo kimoja cha kujiua.

Na yapo mashambulizi ambayo hayakutokea. Mwaka 2021 Secret Service ilichambua njama 67 za kushambulia shule zilizozuiwa kati ya 2006 na 2018. Nyingi ziligunduliwa kwa sababu mpangaji alimwambia mtu au aliandika mahali, na waliotoa taarifa mara nyingi zaidi walikuwa wanafunzi wenzake.