Mwezi haumegwi na kivuli cha dunia

Kila mwezi mwandamo ukionekana, ujumbe ule ule huzunguka tena kwenye makundi ya simu: eti mwezi huwa mwembamba kwa sababu kivuli cha dunia kimeufunika. Ukikufikia, usiusambaze.

Mwezi ni tufe, na nusu yake inayolielekea jua huwa na mwanga wakati wote, isipokuwa unapopatwa. Ukiizunguka dunia, sisi huona sehemu kubwa au ndogo ya nusu hiyo. Mzunguko wa mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu hivi.

Hakikisha mwenyewe. Siku ya saba au ya nane ya mwandamo, simama ufukoni Lamu saa 11 jioni. Jua liko nyuma ya mji, mwezi nusu uko juu, karibu na utosi. Kivuli cha dunia huelekea upande wa pili wa jua, yaani mashariki, kule kisiwa cha Manda, tena chini ya upeo. Kitaufikiaje?

Au washa taa moja gizani, nyosha mkono ukishika chungwa, kisha jizungushe polepole. Liinue juu kidogo ya kichwa: sehemu yenye mwanga unayoiona itaongezeka na kupungua, bila kivuli chako kuligusa. Ukilishusha, kivuli chako kitaliangukia ukiipa taa mgongo. Huko ndiko kupatwa, na ndiko kunakowachanganya wengi. Kupatwa hutokea mwezi mpevu tu, kwa saa chache, wala si kila mwezi, kwani njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5 ikilinganishwa na njia ya dunia kulizunguka jua.