Je, wajua? Huduma za afya zisipogawanywa sawa, hupimwaje?

Mkoa wa Lindi una zaidi ya kilomita za mraba 66,000, na takriban nusu yake ni wilaya moja, Liwale, ambayo sensa ya 2012 ilihesabu watu 91,380 tu. Mtu akikutajia wastani wa wauguzi wa mkoa mzima, mkazi wa Liwale hajaambiwa kitu.

Chukua mfano wa kubuni: vijiji vitano vyenye watu sawa, wauguzi 10. Wastani ni wawili kila kijiji. Lakini kimoja hakina hata mmoja, viwili vina mmoja mmoja, cha nne kina wawili, na cha tano, kilicho kando ya lami, kina sita. Wastani haujabadilika.

Mwaka 1905 Mmarekani Max Lorenz alipata njia ya kuuchora mgawanyo wa namna hii. Unapanga vijiji kuanzia kinachopata kidogo, kisha unajumlisha ukipanda. Hapa vitatu vya chini vina asilimia 60 ya watu na asilimia 20 ya wauguzi. Mgawanyo ukiwa sawa mstari hunyooka. Usipokuwa sawa hubonyea kama kamba ya kuanikia iliyotundikwa blanketi bichi. Mwaka 1912 Mwitaliano Corrado Gini akakigeuza kiasi cha kubonyea kuwa namba: 0 ni usawa kamili, na kadiri inavyokaribia 1 ndivyo wachache wanavyohodhi. Vijiji vyetu vinapata 0.52.

Kuna kipimo chepesi zaidi, na mimi ndicho ningekipeleka kwenye mkutano wa kijiji: ni wauguzi wangapi wahamishwe ili wote wawe sawa? Wanne kati ya 10. Hapo kila mtu anaelewa.

Hata hivyo, namba hizi hazioni njia. Vijiji viwili vina muuguzi mmoja mmoja. Kimoja kiko jirani na Lindi mjini. Uchungu ukizidi, mama anapanda bajaji hadi Hospitali ya Sokoine. Kingine kiko ndani huko Liwale, mvua zimeanza. Mjamzito amebanwa kwenye bodaboda, mbele dereva, nyuma mama mkwe aliyekumbatia beseni la kanga na nguo za mtoto, na kila penye tope wote wanashuka. Namba ya Gini inawahesabu sawa. Ndiyo maana wanaopima vizuri huongeza kilomita, na bora zaidi, saa za safari wakati wa mvua.

Daktari Julian Tudor Hart wa Wales aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huwa haba pale inapohitajika zaidi. Kwa hiyo wengine hupanga watu kwa kipato badala ya kwa vijiji, waone huduma imelalia upande gani.

Lengo la zahanati kila kijiji tunalijua sote, na ni jema. Ila muuguzi akiwa peke yake, siku akifuata dawa mjini mlango una kufuli, na kwenye karatasi kijiji kile kimeandikwa kina huduma.