Mmwagiko wa teknolojia ni nini?

Mwaka 1979 kampuni ya nguo ya Desh, ya Bangladesh, iliwapeleka wafanyakazi wake 130 Korea Kusini, kwenye kiwanda cha Daewoo mjini Busan. Walifundishwa kwa miezi kadhaa: kukata kitambaa bila kutupa vipande vingi, kupanga cherehani mstarini ili anayeshona kola asimsubiri anayeshona mikono, kukagua mshono, kutafuta soko. Kufikia 1987, 115 kati yao walikuwa wameshaiacha Desh. Wako waliofungua viwanda vyao, na wako waliochukuliwa na washindani.

Desh iliwapoteza watu wake, sawa. Lakini Bangladesh ilipata sekta ya nguo ambayo leo inaleta zaidi ya asilimia 80 ya mauzo yake ya nje. Hapo ndipo penye dhana yenyewe: ujuzi uliokuja na mgeni, yaani kampuni ya nje, unawafikia watu ambao hawakuulipia. (Daewoo haikuwa na hisa Desh, ilikuwa na mkataba wa kulipwa sehemu ya mauzo. Hata mgeni anapojenga kiwanda chake mwenyewe, ujuzi hutoka kwa mlango huohuo: mfanyakazi anapohama.)

Mlango wa pili ni wauzaji wa malighafi, na kwa maoni yangu huu ndio unaosahaulika. Mwekezaji humficha mshindani siri zake, ila anayemuuzia vifungo atamfundisha mwenyewe, maana vifungo vikipasuka shati linalorudishwa ni lake. Utafiti wa mchumi Beata Javorcik kuhusu Lithuania, wa mwaka 2004, uliona hivyo: walionufaika ni wenyeji waliowauzia wageni bidhaa. Kwa Venezuela, wachumi Aitken na Harrison walikuta mwaka 1999 kwamba viwanda vya wenyeji vilivyofanya kazi ileile na wageni vilishuka tija. Wageni walikuwa wamewachukulia wateja.

Kwa hiyo ukisikia mwekezaji ameleta mamilioni ya dola, uliza ananunua wapi. Viwanda vingi vya nguo vya EPZ (eneo maalumu la viwanda vinavyouza nje) kule Athi River, Kenya, huagiza kitambaa kutoka Asia, kwa hiyo mlango wa pili umefungwa nusu. Unabaki ule wa mfanyakazi. Naye kama kwa miaka mitano ameshona mfuko wa nyuma wa suruali tu, siku akiacha kazi anaondoka akijua kushona mfuko wa nyuma.