Uwakili: mali iliyo mkononi mwako ni ya nani?

Muulize kijana yeyote wa Kisumu wakili ni nani, atakuelekeza mahakamani. Ndiyo maana hadithi ya wakili dhalimu katika Luka 16 huwachanganya wengi. Wanamwona mwanasheria amevaa tai, anaandika hati upya ili aliyekuwa na deni la vipimo mia vya mafuta abaki na hamsini. Lakini wakili wa Biblia ya Kiswahili ni mtu aliyekabidhiwa nyumba ya mwenzake aiendeshe: shamba, ghala, watumishi, madeni. Kwa Kigiriki aliitwa oikonomos, na mwanzo wa neno hilo ni oikos, yaani nyumba. Ukoo huohuo wa maneno ndio uliozipa lugha za Ulaya jina la uchumi. Kwa hiyo uwakili haukuzaliwa kwenye kapu la sadaka. Ulizaliwa ghalani na jikoni.

Katika imani ya Kikristo, uwakili ni kushika mali ukijua kwamba mwenye mali hiyo ni Mungu. "Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana," inasema Zaburi 24, na hapo imo pesa, ardhi, nguvu za mwili, ufundi, hata saa za siku.

Wazee wa upande wa Nandi wanaielewa dhana hii upesi, kwa sababu waliikuta nyumbani. Mtu mwenye mifugo mingi humwekea rafiki yake ng'ombe amtunzie. Anayetunza hunywa maziwa na watoto wake hushiba, hakuna anayemlaumu. Ila ndama akizaliwa ni wa mwenye ng'ombe, na ng'ombe akifa, mwenyewe hupelekewa habari bila kuchelewa. Wakili naye hakatazwi kula. Analodaiwa ni lile aliloambiwa yule wa Luka: "Toa hesabu ya uwakili wako."

Hapa ndipo naona makanisa yetu mengi yamelipunguza neno. Tukisikia "Jumapili ya uwakili", tunajua ni fungu la kumi, ahadi na bahasha. Kutoa ni sehemu ya uwakili, sibishi. Lakini mfikirie kijana wa boda anayeendesha pikipiki ya mtu. Kila jioni anampelekea mwenyewe kiasi walichopatana, hakosi hata siku moja. Oili habadilishi, cheni inalia, anabeba abiria watatu na gunia la viazi juu. Siku mwenye pikipiki atakapokuja kuitazama, zile pesa za jioni hazitamsaidia kijana kujibu. Alikabidhiwa pikipiki nzima. Vivyo hivyo, anayetoa moja kwa kumi bado ana tisa za kutolea hesabu, pamoja na njia alizozipatia zote kumi.

Njia hizo zina uzito wake. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, katika mahubiri juu ya matumizi ya pesa yaliyochapishwa mwaka 1760, aliwahimiza Wakristo wachume kadiri wawezavyo, waweke akiba, kisha watoe. Papo hapo akawawekea mpaka: wasichume kwa kumuumiza jirani. Nami mpaka huo nauona wazi sokoni kuliko mahali pengine. Mahindi yetu hupimwa kwa gorogoro, mkebe wa kilo mbili. Wapo wanaobonyeza kitako chake kikaingia ndani, na kwa macho huwezi kujua mpaka utie mkono chini. Yuko mama ninayenunua kwake katika soko la Kibuye. Yeye humimina hadi mahindi yafanye kilele na kuanza kuporomoka, kisha huongeza konzi moja juu. Sijawahi kumsikia akilitaja neno uwakili. Mithali 11 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na gorogoro iliyobonyezwa ni mizani ya hadaa, hata kama faida yake itajenga madhabahu.

Ardhi ndiyo ngumu zaidi kuisema, hasa Vihiga, ambako shamba limegawanywa likagawanywa tena mpaka mipaka inagusana na kuta za nyumba. Mzee atakwambia, "Hili ni langu, baba aliniachia." Aliachiwa, naye ataacha. Walawi 25 inawaita Waisraeli wageni na wasafiri katika nchi ambayo Mungu anasema ni yake, tena inakataza isiuzwe kwa daima. Hati miliki ni kitu kizuri, inamlinda mjane na yatima dhidi ya wajanja. Haimpi mwenye jina ruhusa ya kufanya lolote. Anaweza kupanda mikaratusi, miti inayonywa maji mengi, kando ya chemchemi, akauza nguzo, akalipa karo, na Jumapili akapeleka fungu la kumi bila kupunguza shilingi. Chemchemi ikikauka, akina mama wa bondeni wanaopanda kilima na mitungi nao wamo katika hesabu atakayoitoa.