Mtoto akigeuza uso: maswali na majibu kuhusu kumlisha

Mwanangu ana miezi 9. Akifunga mdomo, bibi yake humlaza mapajani na kumnywesha uji kwa nguvu. Ni sawa?

Hapana, na naomba jambo hilo likome leo. Mtoto anaweza kupaliwa, na anayelazimishwa huanza kukiogopa chakula chenyewe. Mkalishe wima, mkitazamana. Akinyoosha mkono au kufuata kijiko kwa macho, ana njaa. Akigeuza uso au kusukuma kijiko, ameshiba, amechoka, au hajaipenda ladha. Pumzika, zungumza naye, kisha jaribu tena au mbadilishie: viazi lishe vilivyopondwa na dagaa waliosagwa, au sato aliyetolewa miba yote. Mpe bakuli lake ili ujue amekula kiasi gani. Mwache ashike kipande laini cha kiazi mwenyewe, hata akijipaka usoni.

Huo ndio ulishaji wenye mwitikio. Kwa umri wake alishwe mara 3 hadi 4 kwa siku, na maziwa ya mama yaendelee.

Alfajiri niko mwaloni Kirumba, Mwanza, nanunua dagaa. Nitafanyaje?

Anayebaki naye ndiye wa kufundishwa. Nenda na bibi kliniki, asikie mwenyewe. Ukimrekebisha wewe mkwewe, huenda isimwingie. Na baba je? Kama naye ni mvuvi, wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, kwa hiyo wengi wako nyumbani mchana. Akishaamka, mlo mmoja uwe wake.

Akiumwa?

Mnyonyeshe zaidi, mpe kidogo kidogo mara nyingi, na akipona mwongezee chakula. Akishindwa kabisa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, kimbilia kituo cha afya.

Sera zinalijua hili la kulisha kwa mwitikio?

Zinalijua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu vyakula vya nyongeza unalitaja waziwazi, na malezi yenye mwitikio yamo katika programu ya taifa ya Tanzania ya malezi na makuzi ya awali, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa 2021. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwa maoni yangu, siku ya lishe kijijini isiishie kwenye mizani na mapishi darasa. Chakula kikiiva, watoto walishwe palepale, mhudumu wa afya ngazi ya jamii akae kando aangalie kijiko kinavyokwenda, na amwelekeze kwa upole anayelisha.